Boksi la stelingi la toleo jipya kwenye pikapu ya zamani: kutoboa chesi ndiyo kazi ndogo

Chuma Chakavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila baada ya muda anakuja mtu anauliza kama boksi la stelingi la pawa (linalosaidiwa na presha ya mafuta ya pampu) la toleo la juu linaingia kwenye pikapu yake ya zamani. Jibu analopewa huwa ni lile lile: "Linaingia, toboa chesi, kaza, tembea." Kuingia linaingia kweli. Swali ambalo halijibiwi ni kwamba likishaingia, mkono wake unaelekea wapi na unasukuma nini.

Nitatumia mfano wa Hilux ya ekseli nzima mbele (moja inayounganisha tairi zote mbili), ya leafu (springi za mabamba), kwa sababu ndiyo niliyoifanyia kazi hii. Toyota walianza kuziuza hizi za kuvuta miguu yote minne mwaka 1979. Kwa soko la Marekani ekseli hiyo iliondolewa kwenye toleo la 1986, ikaja sasipensheni huru (kila tairi inapanda na kushuka peke yake), lakini masoko mengine yaliendelea kupata za leafu kwa miaka mingi baadaye. Boksi tunalolizungumzia ni lile la hizo za sasipensheni huru. Lina nguvu, linapatikana, na ndilo ambalo kila mtu analitamani.

Sasa tofauti. Kwenye ya zamani, mkono wa pitmani (ule unaotoka kwenye boksi) unakwenda mbele na nyuma, na dragi linki (fimbo inayoushika mkono huo) inalala sambamba na chesi ikisukuma nakoli (kipande kinachobeba tairi na kugeuka nayo) ya upande ule ule wa dereva. Kwenye boksi la sasipensheni huru mkono unakwenda kushoto na kulia. Ukilifunga hili jipya huwezi kuirudisha dragi linki ya zamani mahali pake. Inabidi linki ivuke gari kwa upana, itoke kwenye boksi upande wa dereva iende kushika nakoli ya upande wa abiria. Kwa hiyo unahitaji mikono mipya juu ya nakoli, na wa upande wa abiria uwe na matundu mawili, moja la linki inayotoka kwenye boksi na jingine la tairodi, fimbo inayounganisha tairi mbili za mbele. Mtu aliyenunua boksi peke yake bado hajanunua hata nusu ya kazi.

Faida yake, ukiacha wepesi, ni hii. Linki inayolala kwa urefu wa gari hupigana na springi. Ekseli ikipanda kwenye tuta, leafu inajinyoosha na kuisogeza ekseli mbele au nyuma, wakati linki inachora duara lake lenyewe. Hizo njia mbili hazilingani, basi gari linajikata kona kidogo bila wewe kuushika usukani. Ukiwa umeinua gari kwa leafu ndefu, tatizo linakua maradufu. Linki inayovuka kwa upana na kulala karibu sawa na ekseli haina ugomvi huo, au inao kidogo sana.

Kabla hujagusa spana, pima kwanza kama boksi ndilo bovu. Weka gari chini, tairi zikiwa ardhini, mtu mmoja azungushe usukani kidogo kidogo kushoto na kulia, wewe lala chini uangalie. Anza juu: kiungo cha mpira kati ya shafti ya usukani na boksi kinacheza? Shuka: shafti inayoingia kwenye boksi inazunguka halafu mkono wa pitmani unachelewa? Hapo ni boksi. Kama mkono unaitikia mara moja lakini tairi inachelewa, ugonjwa uko mbele zaidi, kwenye tairodi endi (kiungo cha ncha ya tairodi), kingpini (pini ambayo nakoli huzungukia), beringi za tairi au bushi za leafu. Nimeona watu wanalilaumu boksi zima kwa kosa la tairodi endi moja. Na angalia pia kama boksi lenyewe linatembea juu ya chesi, maana boliti zilizolegea au chesi iliyopasuka inaonyesha dalili zile zile za boksi lililokwisha.

Kuhusu chesi, hapa naomba mnisikilize kwa makini. Chesi ya pikapu pale mbele ni bomba la pembe nne, ndani ni wazi. Ukitoboa tundu, ukapitisha boliti ndefu na kuikaza kwa nguvu zote, unachofanya ni kuliminya bomba. Leo itakaza, baada ya wiki imelegea, utakaza tena, bomba litazidi kubonyea. Dawa ni kila tundu liwe na bomba dogo nene ndani yake, limepita ukuta hadi ukuta na kuchomelewa pande zote mbili, boliti ipite humo ndani. Kisha sahani ya chuma nje ya chesi ili mzigo usambae. Boliti ziwe za daraja 10.9, siyo zile za kuokota kwenye kopo. Mwenye wasiwasi aziangalie pikapu za Chevrolet na GMC za 1973 hadi 1987 za kuvuta miguu yote, zinajulikana kabisa kwa chesi kupasuka pale pale boksi lilipofungwa, na hizo ni za kiwandani, hakuna aliyetoboa.

Nitaendelea na paipu na kutoa hewa. Maswali karibuni.

Leafu Tano

Mkuu umenitoa tongotongo. Mimi nilikuwa tayari nimeshalipata boksi, nilidhani nitageuza tu mkono wa pitmani uelekee upande unaofaa. Kuna ubaya?

Chuma Chakavu

Ubaya upo, na ni mkubwa. Fikiria shafti ya sekta (ile inayotoka kwenye boksi na kuushika mkono wa pitmani) inazunguka kwa mwelekeo wa saa ukiitazama kutoka juu. Mkono ukiwa umeelekea mbele, ncha yake inakwenda kulia. Ukiuelekeza nyuma, mzunguko ni ule ule lakini ncha inakwenda kushoto. Kwa hiyo sheria ni fupi: mkono wa pitmani ukitazama mbele, mkono wa nakoli nao uwe mbele ya ekseli. Ukitazama nyuma, wa nakoli uwe nyuma. Ukichanganya, unakata kulia gari linakwenda kushoto.

Zaidi ya kuilinganisha mikono hiyo miwili, hilo huwezi kulirekebisha kwa kugeuza kitu kingine chochote nje ya boksi. Mwelekeo umeamuliwa na mkato wa skrubu iliyo ndani, na skrubu imekatwa kwa gari lile ilikotoka.

Grisi Nyeusi

Na hapo ndipo wanapoumia wanaochukua boksi la gari la usukani wa kushoto kulileta kwenye la kulia. Wanalipindua juu chini ili likae, halafu paipu zinatazama ardhini, hewa haitoki milele. Chukua boksi la upande wako. Halina mjadala.

Dereva wa Vumbi

Mimi naomba kuwa tofauti kidogo. Boksi la mkono la zamani halina pampu, halina paipu, halina mkanda, halivuji. Tumeendesha hivyo miaka yote na mikono haijakatika. Hii pawa ni anasa tu za vijana.

Grisi Nyeusi

😂 Mzee wangu, Francis Davis aliifunga pawa kwenye gari mwaka 1926 na Chrysler wakaanza kuiuza 1951. Hao vijana unaowasema wana wajukuu.

Chuma Chakavu

Mzee ana hoja lakini. Kwa mwenye tairi nyembamba na gari halibebi kitu, boksi zuri la mkono lililopakwa grisi na kurekebishwa linatosha kabisa, na siku pampu ikigoma porini yeye anapita tu. Shida inaanza ukiweka tairi pana. Boksi la mkono hulipia wepesi kwa mizunguko: mengi huzunguka mara nne au zaidi kutoka mwisho hadi mwisho, wakati ya pawa mengi yanaishia kwenye tatu au tatu na kidogo. Kwenye mawe, ile tofauti ya mzunguko mzima ni tofauti ya kulikwepa jiwe au kulipanda.

Wengine hukimbilia kufupisha mkono wa pitmani ili upate wepesi. Kweli unakuwa mwepesi, lakini unapoteza kona. Boksi lina mwisho wake ndani. Mkono mfupi ukifika mwisho huo, tairi bado haijafika kwenye stopa ya nakoli.

Nusu Mzunguko

Kiongozi, swali la kijinga. Boksi nililolipata mkono wake wa zamani hautaki kuingia kwenye shafti. Naona meno ni kama yanalingana lakini unakwama juu. Nipige nyundo taratibu?

Chuma Chakavu

Usipige! Swali siyo la kijinga hata kidogo, wengi hapo ndipo wanapoliua boksi.

Ndani ya hilo boksi kuna skrubu, na juu ya skrubu kuna nati inayotembea juu ya golori. Nati ina meno ubavuni yanayosukuma sekta. Ukiipiga shafti ya sekta, pigo linakwenda moja kwa moja hadi kwenye golori, nazo zinachonga vidimbwi kwenye njia yake. Baada ya hapo usukani utakuwa unakwamakwama kama unapita juu ya mahindi, na hakuna skrubu ya nje itakayokutibu. Kutoa mkono tumia puli, siyo nyundo wala moto.

Kuhusu kutoingia: shafti zinatofautiana kipenyo, idadi ya meno na mteremko wa ncha. Pia mikono mingi ina meno mapana mahali fulani ili uingie kwa nafasi maalumu tu. Angalia hapo kwanza. Kama kipenyo ni tofauti, tafuta mkono wa boksi hilo hilo. Ndiyo maana nawaambia watu: ukinunua boksi kutoka kwenye gari chakavu, ng'oa na mkono wake, na kipande cha shafti ya juu, na ncha za paipu zote mbili. Chukua hata boliti zake. Vile vidude utavitafuta baadaye kwa machozi.

Nusu Mzunguko

Asante sana. Nimeangalia, kuna jino pana. Upande wa shafti ya juu je? Ya boksi jipya ina meno mengi madogo na kiungo changu cha zamani kina meno makubwa.

Chuma Chakavu

Hapo unahitaji kiungo chenye meno ya boksi jipya upande mmoja na ya shafti yako upande mwingine. Vipo vya kununua, au unatumia cha gari lililotoa boksi pamoja na kipande cha shafti yake. Ukiamua kutumia viungo vya msalaba badala ya kile cha mpira, hakikisha pembe siyo kali na viungo viwili vimepangwa uma zake zikilingana, la sivyo usukani utakuwa mzito na mwepesi kwa zamu ndani ya mzunguko mmoja. Na shafti ibaki na sehemu yake ya kuteleza. Kabini na chesi havitembei pamoja barabarani. Pia siku ya ajali shafti isiyoteleza inakuja kifuani.

Leafu Tano

Kuchomelea shafti vipande viwili inakubalika? Fundi wangu anasema yeye ni mtaalamu.

Grisi Nyeusi

Mwulize kama na yeye atapanda ukiwa unashuka mlima.

Chuma Chakavu

Mimi siichomelei. Mkono wa pitmani, mikono ya nakoli, dragi linki na tairodi ndiyo kabisa, hata joto lisiguse. Vyuma hivyo vimefuliwa kwa kugongwa vikiwa moto na kupewa ugumu wake kiwandani. Moto unaondoa ugumu na hakuna anayeona kwa macho. Kuchomelea weka kwenye sahani ya chesi tu, na hapo pia aliyeshika mashine awe anajua kuingiza moto hadi ndani, siyo kupaka juu.

Naendelea na paipu kama nilivyoahidi.

Boksi jipya na pampu ya zamani vinaweza kukataana mara mbili. Kwanza kwenye ncha. Ncha za zamani nyingi ni za koni, chuma kinabana chuma. Matoleo ya baadaye yanatumia oringi (pete ya mpira). General Motors kwa mfano walihamia kwenye oringi na nyuzi za milimita kuanzia miaka ya 1980, na ukilazimisha ncha ya koni kwenye tundu la oringi, itashika nyuzi mbili tatu, utadhani imekaa, kisha itakumwagia mafuta ya moto siku ya kwanza ya kukata kona kali. Paipu ya presha isitengenezwe kwa hozi ya maji na klipu. Pale ndani ukikata hadi mwisho presha inaweza kupita psi 1,000. Paipu ya kurudi ndiyo ya klipu.

Pili ni mtiririko wenyewe. Pampu iliyotengenezwa kwa stelingi ya reki (ya fimbo yenye meno badala ya boksi) inaweza isilingane na kiu ya boksi la golori. Ikileta kidogo, usukani unakuwa mzito ukizungusha haraka ukiwa umesimama. Ikileta kupita kiasi, gari linakuwa na wasiwasi barabarani, ukipiga chafya umehama njia. Njia rahisi ni boksi na pampu kutoka gari moja, kama injini inaruhusu kufunga bracketi yake. Mafuta yafuate kile kilichoandikwa kwenye kifuniko cha pampu. Zipo zinazotumia ya gia otomatiki na zipo zinazokataa.

Dereva wa Vumbi

Unaona? Nilisema. Pampu, oringi, psi. Mimi na grisi yangu.

Chuma Chakavu

Shikamoo mzee 🙏 wewe ubaki hivyo hivyo.

Kwa waliokwisha kufunga: kabla hujaweka mkono wa pitmani, tafuta katikati ya boksi. Zungusha hadi mwisho mmoja taratibu, halafu hesabu mizunguko hadi mwisho wa pili, gawa kwa mbili, rudi hapo. Mizunguko ikiwa mitatu na nusu, katikati ni moja na robo tatu. Hapo ndipo mkono unapofungwa, tairi zikiwa zimenyooka. Sababu siyo urembo wa usukani kukaa sawa. Boksi limetengenezwa liwe limebana zaidi pale katikati kuliko pembeni, kwa kuwa hapo ndipo linapofanya kazi muda mwingi. Ukilifunga likiwa limehama katikati, unaendesha barabarani kwenye sehemu yake iliyolegea. Halafu utakaza ile skrubu ya juu ya boksi, ya kurekebisha mbano, ukidhani linacheza, na ukikata kona usukani hautarudi wenyewe. Kama usukani umekaa upande, rekebisha kwa urefu wa linki, siyo kwa kuliondoa boksi katikati.

Leafu Tano

Na hewa inatolewaje? La jamaa yangu linanguruma kama trekta.

Chuma Chakavu

Inua mbele, tairi zielee. Injini imezimwa. Jaza mafuta, zungusha usukani taratibu mwisho hadi mwisho, mara nyingi, ukiongeza mafuta yakishuka. Vipovu vikiisha ndipo uwashe, urudie bila kukanyaga moto. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa bado kuna hewa. Zima, acha yatulie, anza tena. Na usiushikilie usukani pale mwisho zaidi ya sekunde chache, pampu inachemka. Kama mngurumo unabaki hata mafuta yakiwa safi, kagua paipu ya kuingiza mafuta kwenye pampu, huwa inavuta hewa bila kudondosha tone.

Nusu Mzunguko

Mkuu nimerudi. Gari linatembea! Mkono wa kulia kama wa kushoto, wepesi wa ajabu, unaweza kupaki kwa kidole. Tatizo ni moja: kwenye lami kuanzia spidi 70 hivi linazurura. Nikiachia halinyooki. Nimeshapiga alaimenti, toe (mwelekeo wa tairi mbili kutazamana kwa mbele) iko sawa. Nirudi kwenye ile skrubu ya juu?

Chuma Chakavu

Iache skrubu. Ulikuwa na boksi la mkono kabla, sivyo? Pikapu nyingi za stelingi ya mkono zilitoka kiwandani na kasta ndogo, yaani kingpini karibu imesimama wima badala ya kulala nyuma, ili dereva asikamue jasho. Kasta ndiyo inayorudisha tairi katikati. Zamani uzito wa boksi ulificha upungufu huo. Sasa pawa imeuondoa uzito na hakuna kinachokuambia tairi ziko wapi. Mwambie wa alaimenti akupimie kasta, siyo toe peke yake. Gari la pawa kwa kawaida hutulia likiwa na kasta ya nyuzi (digrii) 3 hadi 5.

Kwa ekseli nzima ya leafu unaongeza kwa kabari ya chuma kati ya leafu na ekseli, upande wa juu wa kingpini ulale nyuma. Weka ya chuma, siyo ya aluminiamu, na boliti ya katikati ya leafu ipite humo. Ila kumbuka ekseli yako ni ya mbele na ina difu: ukiilaza hivyo, pua ya difu inashuka na pembe ya propela inakuwa kali zaidi. Nyuzi mbili kwa kawaida hazisumbui. Ukienda zaidi, endesha kidogo ukiwa umeingiza miguu minne, ukisikiliza msalaba wa propela.

Nusu Mzunguko

Nimepima. Kasta ni nyuzi 1 upande mmoja, nusu upande mwingine 😳

Grisi Nyeusi

Hiyo ni toroli la dukani.

Chuma Chakavu

Basi ugonjwa umejitaja. Weka kabari za nyuzi 2 pande zote, pima tena, ndipo tuone kama unahitaji zaidi. Ile nusu inayotofautiana inaweza kuwa leafu moja imechoka kuliko nyingine, kwa hiyo pima na kimo cha chesi kila upande kabla ya kununua kabari. Na ukiwa huko chini, pitisha spana kwenye boliti nne za boksi. Kazi ya chesi ikiwa mpya boliti hujikalia baada ya kutembea kidogo, zikazwe tena, kisha ndiyo zinaachwa.